Sega Lililosagwa

Kwa miaka minne nilimbeba baba yangu kila Ijumaa ya pili kutoka kwake, upande wa Migori kunakochimbwa dhahabu, hadi kliniki ya kifua Homa Bay, na kumrudisha siku hiyo hiyo. Watu waliniuliza mbona nisimweke kwangu, dakika kumi tu kutoka kliniki. Waliouliza hawakuwa Wajaluo. Mimi nimeolewa, na kwetu baba halali chini ya paa la mume wa binti yake. Anaweza kuja mchana, akapewa kiti na kuchinjiwa kuku, lakini jua likianza kuinama anatafuta fimbo yake. Nilipojaribu kubishana naye, mimi mwenye digrii ya kemia, alisema mapafu yake yameharibika lakini adabu yake bado nzima. Nikamtafutia chumba cha kupanga. Akasema hakuchimba mashimo miaka yote hiyo ili aje afie kwenye nyumba ya mtu asiyemjua. Basi, nikawa dereva.

Mapafu yenyewe yaliharibiwa na vumbi la mawe. Tangu ujana wake alishuka mashimoni, na alipozeeka akahamia kwenye krasha, zile mashine zinazosaga mawe yawe unga ili dhahabu itoke. Daktari alituonyesha picha ya kifua na kueleza kwamba vumbi lililoingia haliwezi kutolewa, wala hakuna dawa ya kulitoa. Amri ilikuwa moja tu: asiongeze jingine. Wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa akimpikia, alinyunyiza maji uani kila asubuhi kabla ya kushika ufagio. Mimi nilimsafirisha madirisha yakiwa yamefungwa. Bodaboda na barabara zetu za murram, zisizo na lami, hazikuwa njia ya mtu kama yeye. Gari langu likisimama, baba anabaki nyumbani bila kliniki, na tulikuwa tumeona mara moja, wakati wa mgomo wa madaktari, vile hali yake inavyokuwa akikosa kliniki mwezi mzima.

Gari lilikuwa stesheni wagoni ya zamani iliyofika kwetu ikiwa imeshachoka. Lilianza kuharibika kwa harufu ya mayai viza. Nilidhani ni baba, na baba, nilikuja kujua baadaye, alidhani ni mimi, na kwa heshima kila mmoja akanyamaza hadi tulipofika Ndhiwa. Safari iliyofuata taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi na haikuzimika tena. Halafu gari likaanza kukataa mlima. Kuna mlima mmoja baada ya Ndhiwa, si mkubwa, baiskeli zilizobeba mkaa huupanda zikisukumwa. Mimi nilikanyaga mafuta hadi mwisho na gari likanguruma tu, likapungua mwendo, likapungua, hadi mwanamke mmoja mwenye ndizi kichwani akatupita, akageuka akatutazama kwa huruma. Sakafu chini ya miguu yangu ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Japuonj," baba akasema. Mwalimu. Hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipoajiriwa, na alilitumia zaidi pale nilipokuwa nimeshindwa na jambo. "Hii gari yako ina ugonjwa wangu."

Nilimwambia aache maneno hayo. Nilikasirika kweli, kwa sababu nilikuwa nimeliwaza hilo hilo na sikutaka kulisikia.

Tuliufikia mji tukijikokota. Baada ya kliniki nililipeleka gari kwa fundi. Fundi huyo ana kibanda cha mabati upande wa kutokea kwenda Kendu Bay, ni mtu wa maneno machache, na tofauti na mafundi wengine niliowahi kuwapa pesa zangu, hafungui kitu kabla ya kukitazama. Alichomeka skana yake chini ya usukani, akasoma, akaizima.

"Inasema katalitiki," akaniambia. "Lakini madam, hii mashine inajua tu nani amekufa. Haijui nani ameua."

Akanieleza kwa vidole vilivyojaa grisi jambo ambalo mimi nililijua kwa vitabu. Kwenye bomba la eksozi, kabla ya sailensa, kuna kopo la chuma. Ndani yake mna sega, kama la nyuki lakini la udongo mgumu wa kigae, lenye vitundu vidogo visivyohesabika. Moshi wa injini unapita humo ukiwa sumu na kutoka ukiwa na nafuu. Vitundu vikiziba, moshi hauna pa kutokea, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine.

Akawasha gari, akaniomba niweke kiganja nyuma ya bomba, mbali kidogo, nihisi moshi unavyosukuma. Kabla sijafika baba alikuwa ameshashuka, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyoosha pale nyuma. Nilimpigia kelele aondoke kwenye moshi. Hakuondoka. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani.

"Hakuna pumzi," akasema kwa Kiswahili, ili fundi asikie. "Inatoka kidogo tu. Inatoka ikiomba."

Fundi akamletea mzee kiti chake mwenyewe. 

Uchunguzi wake haukuishia hapo. Aligonga kopo kwa nyundo ya mpira, akasikiliza kama kuna kilichovunjika ndani. Halikulia kama njuga. Akafungua sensa ya mbele, ile iliyokaa kwenye bomba kabla ya katalitiki, akaacha tundu lake wazi moshi upitie hapo, akaniambia niendeshe hadi kwenye mteremko wa ziwani na kurudi juu. Kelele ilikuwa ya trekta, watu walitoka madukani kutazama, lakini gari lilipanda. Lilipanda kama lilivyokuwa likipanda siku nilipolinunua. Nilirudi nikicheka peke yangu. Aliirudisha sensa mahali pake na kutoa plagi, na moja ikatoka nyeusi, imelowa oili. Hapo ndipo alipompata muuaji. Sili za valvu, mipira midogo inayozuia oili, zilikuwa zimekwisha, oili ilidondoka ndani ya moto, ikaungua, na masizi yake yakaenda kujipaka kwenye sega siku baada ya siku. Ndiyo sababu ya ule moshi wa bluu wa asubuhi, ambao mimi nilikuwa nimeuita baridi.

"Dawa yenyewe ni mbili," fundi akasema. "Tengeneza sili, halafu weka katalitiki mpya. Ukiweka mpya bila sili, hiyo pia itakufa. Lakini mpya, madam..." Akataja bei, na mimi nikatazama ziwa.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo njia ya kila mtu kuanzia Migori mpaka Rongo mpaka hapa. Kopo linapasuliwa, sega linatolewa, kopo tupu linachomelewa tena mahali pake. Gari linapumua. Moshi unatoka na sumu yake yote, na anayeuvuta ni aliye nyuma. Mimi, ninayesimama mbele ya kidato cha tatu na kuandika ubaoni kaboni monoksaidi ni nini na inafanya nini kwenye damu, nilisema sawa, pasua. Nilifikiria Ijumaa ijayo na sikufikiria mtu mwingine yeyote. Fundi alisema sega lenyewe lina wanunuzi, yupo mmoja anayepita Jumatano kutoka Kisumu, na atakachotoa kitatosha kutengeneza zile sili.

Sega lilitoka vipande vipande, rangi ya kijivu, jepesi kuliko nilivyodhani. Baba aliinama kwenye kiti akaokota kipande, akakigeuza kwenye jua. Nilimjua mzee huyo. Hakuna jiwe lililowahi kupita mbele yake bila kugeuzwa kwenye jua.

"Kwa nini mtu atoke Kisumu kununua udongo?" akauliza.

Hapa ndipo ninapotaka kurudi na kujiziba mdomo. Lakini nilikuwa mwalimu, niliulizwa swali zuri, na ni nadra baba yangu kuniuliza swali. Nilimweleza, kwa Kijaluo, nikijisikia. Nikamwambia kwamba juu ya kuta za vile vitundu kumepakwa madini, kidogo sana, hayaonekani kwa macho. Ndiyo yanayoigeuza sumu. Platinamu ni mojawapo, na kuna jingine, rodi, linalouzwa ghali kuliko dhahabu.

"Kuliko dhahabu?"

"Kuliko dhahabu, baba."

 Akakirudisha kipande kwenye mfuko wa unga ambamo fundi alikuwa akivikusanya vingine, akapangusa vidole kwenye suruali. Baadaye akamuuliza fundi kama gari sasa ni zima. Fundi, ambaye hajui kudanganya, akamwambia litavuta, lakini zima litakuwa siku likipata katalitiki mpya. Baba akatikisa kichwa polepole. Fundi mwenyewe aliuweka mfuko kwenye buti ili niulete Jumatano. Tulirudi nyumbani kwake jioni ile, mlima tukaupanda tukiongea, na aliposhuka alisema anachukua koti lake kwenye buti mwenyewe, nisisumbuke. Nilifurahi kuona ana nguvu ya kufungua buti.

Jumatano mnunuzi alikuja, fundi akanipigia, nikaomba ruhusa shuleni nikateremka. Nilifungua buti mbele yao. Palikuwa na jeki, tairi la spea, na kanga yangu ya zamani. Kichwa changu hakikwenda kwa baba hata kidogo; niliona fundi alijifanya tu kuuweka mfuko. Nilimgeukia fundi, mbele ya mnunuzi na wateja waliokuwepo na mama anayeuza chai hapo, nikamwambia kwamba mafundi ni wale wale, wapole wakikukaribisha na wezi ukigeuka. Nilisema mengi. Nina ulimi huo, mume wangu anaujua. Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu, kidole kwa kidole.

"Madam, piga simu nyumbani kwa mzee," akasema.

Sikupiga. Niliona ananifundisha kazi. Nilipiga kesho yake, na wifi yangu alipoisikia sauti yangu akaanza kulia kabla sijauliza. Alisema baba alikuwa amemwapisha asiseme.

Jumatatu asubuhi, wifi akiwa mtoni, baba alikuwa ameubeba mfuko kwenye bodaboda hadi kwenye krasha aliyofanyia kazi zamani. Rafiki zake wawili waliobaki hai walimpokea kama mtu aliyefufuka. Wakalisaga sega. Alisimama pale mwenyewe, kitambaa kilicholowa maji kimefungwa mdomoni, kwa sababu hakutaka jicho lake litoke kwenye unga wake, na mashine nyingine kando yake zilikuwa zikisaga mawe ya watu wengine vilevile kama kawaida. Walipomaliza wakafanya kama walivyofanya maisha yao yote. Wakauosha unga kwenye karai, wakamwagia zebaki, wakauchanganya kwa mikono. Hivyo ndivyo dhahabu inavyopatikana kwetu. Zebaki inazunguka kwenye tope, inaikamata dhahabu hata ile isiyoonekana kwa macho, unaikamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge cheupe, unakiweka kwenye kijiko juu ya mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Baba alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kuliko alivyoshika kitabu cha sala.

Zebaki haishiki platinamu hivyo. Wala rodi. Hilo nililijua. Swali moja tu angeniuliza, au mimi ningeongeza sentensi moja tu pale kwenye kibanda, na somo lingekuwa kamili. Nilimpa sehemu inayong'aa nikaacha ile nyingine.

Wifi alisema walikamua, zebaki ikarudi yote ilivyokuwa, hakuna kidonge. Wenzake wakamwambia hakuna kitu. Baba akasema binti yake hawezi kukosea, anafundisha mambo haya. Wakarudia. Mara ya tatu wakaiweka zebaki yenyewe kwenye kijiko wakaichoma, labda kuna kilichojificha, na yeye ndiye aliyeinama juu ya kijiko kuangalia. Kijiko kilibaki kitupu. Alirudi nyumbani mchana akiwa amebebwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa tope la kijivu.

Nilirudi kwa fundi kuomba msamaha. Yule mama wa chai nilihakikisha yupo, ili asikie na hilo pia. Fundi alisema ni sawa, akaniuliza mzee anaendeleaje, nami nikasimama pale barabarani nikilia kama mtoto na gredi yangu yote ya mwalimu.

Ijumaa hiyo, ingawa haikuwa zamu yake, nilimleta kliniki. Mlango wa gari alifunguliwa, miguu aliinuliwa. Daktari alipiga picha nyingine, akaiweka kwenye mwanga karibu na ile ya zamani, na kwa mara ya kwanza hakutuonyesha kwa kalamu. Aliniita nje. Alisema kilichokuwa kimebaki kizima kwenye mapafu kilikuwa kidogo, na kwamba moshi wa zebaki umekiunguza. Nilimuuliza tufanye nini. Aliuliza kama nyumbani kuna umeme wa uhakika, kwa ajili ya mashine ya oksijeni, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hakuna. Alisema tusihangaike tena na safari za kila wiki mbili.

Kwa hiyo gari lilikuwa limepona, na hapakuwa na pa kwenda.

Nilimpitisha kwangu kwanza anywe uji. Mume wangu alimwambia, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, "Mzee, lala hapa. Watasema watakavyosema." Baba alimshika mkono kwa muda mrefu. Kisha akaanza kutafuta fimbo.

Tulipokuwa tukirudi, lile kopo la tope lilikuwa magotini pake. Nilikuwa nimelikuta kwenye begi lake la kliniki, chini ya kadi. Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani ili anionyeshe, na akaona aibu kulitoa mbele ya daktari. Alizungumza neno moja moja, akipumzika katikati, nami nilizima redio na kupunguza mwendo ili nisipitwe na lolote.

"Nilitaka ninunue ile kitu mpya," akasema. "Ya gari. Umeipasua gari yako kwa ajili yangu."

Nilimwambia gari ni chuma tu.

"Nimechimba maisha yangu yote, sijakununulia kitu." Akapumzika. "Japuonj. Zile za kushinda dhahabu zilienda wapi?"

Nilikuwa na hasira naye tangu jana yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumuuliza kwa nini ashike vumbi kwa mkono wake mwenyewe baada ya miaka minne ya mimi kufunga madirisha. Lakini alikuwa ameniuliza swali, na safari hii nikalijibu lote. Nikamwambia zebaki inapatana na dhahabu, na haipatani na hizi. Hazikuyeyuka, hazikupaa, hazikumwagika na maji. Zebaki ilizipita tu, zikabaki pale pale kwenye unga.

Alilifikiria hilo hadi tukapita vibanda vya Rodi, ile senta ya njia panda.

"Basi zimo humu," akasema, akiweka kiganja juu ya kopo.

"Zimo, baba."

"Zote?"

"Zote. Hukupoteza hata moja."

Lilikuwa jibu sahihi. Mwanafunzi wangu angejibu hivyo, ningempa alama zote. Sikumwambia kwamba kuzitoa kunahitaji asidi na tanuri ambazo hazipo popote kati ya Migori na Homa Bay, wala kwamba mnunuzi wa Kisumu, niliyempigia simu siku ile wifi aliponieleza, nikimsihi, alisema hanunui tope. Baba aliegemea kiti. Niliona uso wake umetulia, uso wa mtu aliyetoka shimoni na mfuko mzito.

"Nilijua huwezi kukosea," akasema, akafumba macho.

Mlima ulikuwa mbele yetu. Nilikanyaga mafuta, na gari likaupanda bila shida yoyote, moshi wa bluu nyuma yetu, mimi nikisikiliza pumzi yake kati ya ngurumo na ngurumo.